Wasifu wa Siti binti Saad na Safari ya Bombay



Wataalamu wa lugha ya Kiarabu wamesema kwamba safari imeitwa safari kwa kuwa hufunua tabia za watu. Na imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipojiwa na mtu aliyemshuhudia mwenziwe kwa wema, alimuuliza kama amepata kusafiri naye. Alipojibiwa la, hakuuridhia ushahidi ule. Kwa mizani hiyo natukitazame kitabu kijulikanacho sana katika nyumba za pwani, nacho ni Wasifu wa Siti binti Saad, alichokiandika marehemu Shaaban Robert.

Khabari yenyewe ni mashuhuri. Binti wa wafinyanzi wa Fumba, aliyeitwa Mtumwa alipozaliwa, alihamia mjini Unguja mnamo 1911, na huko akapata jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 kampuni ya santuri ya HMV iliwapeleka Bombay, yeye na jamaa zake wa muziki, ili sauti zao zitiwe katika sahani. Katika jamaa zake hao walikuwako Subeti bin Ambari, Maalim Shaabani, Buda bin Mwendo na Mbaruku. Wakati huo kampuni ilikuwa na mitambo yake Bara Hindi, na huku kwetu haikuwako. Basi waimbaji walivuka bahari kuufuata mtambo.

Wema wa kitabu hiki hauna shaka. Mwandishi alimdiriki Siti akiwa hai, katika uzee wake, kabla hajafariki Julai 1950, akamsikiliza. Wakati ambapo wengi walimwona mwimbaji wa kike kuwa mtu wa kustarehesha tu, yeye alimwandikia maisha yake kama yanavyoandikwa ya watu wakubwa. Watu walimcheka Siti kwa asili yake na kwa sura yake, naye aliwajibu kwamba sura si kitu mbele ya akili. Mwandishi ameifanya subira hiyo kuwa nguzo ya kitabu, na msomaji hutoka na faida.

Hata hivyo nina neno. Siti hakujua kusoma wala kuandika, basi aliyoyaona safarini yametufikia kwa kalamu ya mtu mwingine, na kalamu hiyo ni ya fasaha mno. Shaaban Robert hawezi kuliacha jambo lipite bila ya kulitia hekima. Mtu atakaye kumsikia mtoto wa mfinyanzi akishangaa mji wa Bombay kwa maneno yake mwenyewe, humsikia mwalimu akitoa wasia. Wasia ni mzuri, lakini mwenye safari amefunikwa nao. Na jina la kitabu ni la mtu mmoja, hali ya kuwa safari ilikuwa ya jamaa. Nyimbo zile zilitungwa kwa kushauriana, huyu akileta khabari ya mtaani na yule akilitengeneza shairi. Apigaye udi na apigaye fidla nao waliacha nyumba na watoto.

Basi twende kwa shahidi wa pili, yaani sahani zenyewe. Hapo tunaisikia sauti ya Siti bila ya mkalimani. Lakini shahidi huyu naye ana upungufu. Upande mmoja wa sahani za zama hizo ulichukua dakika tatu hivi, na wimbo wa taarabu nyumbani hurefushwa kwa kadiri wasikilizaji wanavyopenda. Huko Bombay waliimba mbele ya mtambo usioitikia wala kutunza, tena kwa muda uliopimwa. Kwa hivyo kitabu kimeuvisha ushahidi nguo nyingi, na sahani imeukata. Mwenye kutaka haki aviweke viwili hivyo pamoja.

Kwa nini nalitilia nguvu jambo hili? Kwa sababu vijana wetu wa taarabu wangali wanasafirishwa ng'ambo, na wazee wao husoma khabari za Siti wakaona sifa tu. Sifa ni mwisho wa khabari. Mwanzo wake ni maswali mazito. Nani anafuatana nao? Watalala wapi, na nani atamlinda binti asiyekuwa na maharimu yake? Sauti ikisha tiwa katika mtambo ni mali ya nani, na itakapouzwa miaka hamsini baadaye, watoto wa mpiga udi watapata nini? Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Haikumtoa mwimbaji wala mpiga ngoma.

Kisomeni kitabu hiki, na muwasomee watoto, kwani subira ya Siti ni mali yetu sote. Lakini mkifika penye safari ya Bombay msipite mbio. Simameni mwaulize watoto: walikuwa wangapi, nani aliandika mapatano, na nani aliyasoma kabla ya kukubali? Mtoto aliyezoea kuuliza hayo juu ya safari ya Siti atajua kuyauliza itakapofika zamu yake ya kupanda chombo.

Wallahu aalam.