Ufundi wa Kufunga Ripoti kwa Haki

Mwaka 2002 mtumiaji mmoja wa kivinjari cha Mozilla aliripoti kero ndogo: ukiweka kishale juu ya kitufe, maelezo mafupi hujitokeza, lakini ukihamia programu nyingine, maelezo yale hubaki yameng'ang'ania juu ya dirisha unalofanyia kazi. Ripoti ikapewa namba 148624. Hitilafu yenyewe ilirekebishwa mwaka 2023, katika Firefox 119. Kwa kuwa hakuna aliyeifuta ripoti ile, siku alipopatikana mwenye nia, aliikuta ikimsubiri.

Programu huria zimejaa ripoti za namna hiyo. Mlango wa kuripoti uko wazi kwa yeyote, lakini wasomaji ni wachache, tena wengi wao wanajitolea baada ya saa za kazi. Kuunda kitu kipya kuna shangwe yake. Kurudi kwenye mrundikano wa miaka kumi kunataka moyo wa aina nyingine, na moyo huo ndio ninaousifu.

Mtazame fundi mwenye moyo huo akiwa kazini. Ripoti inasema tu kwamba faili likihifadhiwa, jedwali linavurugika. Toleo halikutajwa. Anaangalia tarehe, anakisia toleo la wakati huo, analisakinisha, anatengeneza jedwali kama lile, anahifadhi, anafungua upya. Kweli, limevurugika. Anajaribu toleo la leo: bado. Sasa anatafuta kasoro iliingia lini. Anaigawa historia ya msimbo nusu kwa nusu, kila mara akijaribu palipo katikati. Kwenye mabadiliko 1,000, majaribio kama 10 tu humfikisha kwenye badiliko lile lile lililoharibu. Lalamiko la mstari mmoja limekuwa kazi ambayo mwandishi wa programu anaweza kuianza asubuhi.

Ripoti nyingine huisha bila marekebisho, na hapo ndipo uungwana wa fundi unapoonekana. Mradi wa Debian hupokea ripoti kwa baruapepe. Anayeifunga hutakiwa kueleza sababu, na maelezo hayo humfikia aliyeripoti. Ipo hata alama ya kusema wazi kwamba jambo hili halitarekebishwa. "Hapana" yenye sababu ni heshima. Aliyeripoti anajua kwamba amesomwa, anatafuta njia nyingine, na akiona kasoro tena ataandika tena.

Iko miradi iliyoiachia roboti kazi hii: ripoti isipoguswa kwa muda fulani, inafungwa. Orodha inapungua, lakini hitilafu haiponi kwa kunyamaziwa. Kinachopotea ni imani ya mtu aliyetumia jioni yake kueleza tatizo hatua kwa hatua, na mtu huyo ni vigumu kumrudisha.

Toleo jipya linapotoka, hutajwa walioandika msimbo. Wanaosoma ripoti za zamani nao watajwe kwa majina, kwenye orodha hiyo hiyo, kwa sababu programu tunazoziamini zinasimama kwa kazi ya wote.