Namba Isiyoshuka

Nyumba ikipata mgeni, hata kijiko kikipotea macho humgeukia yeye. Ndivyo nilivyoifanyia diski yangu mpya. Niliifunga Jumamosi, ya terabaiti 4, nikahamishia humo picha za harusi nilizopiga kwa miaka tisa. Jumatatu asubuhi nilikuwa nimeshaihukumu. Folda niliyozoea kuifungua bila kuwaza sasa inanikalisha. Ule mstari wa kijani juu ya dirisha unatambaa, unatambaa, unakaribia mwisho, unaganda. Pembeni yangu ameketi mteja anayetaka picha ya bibi yake, ambaye sasa ni marehemu, aliyopigwa siku ya harusi ya mjukuu. Namwambia, subiri kidogo dada. Anasubiri. Mstari umeganda.

Fundi wa kwanza niliyempigia simu hakuniuliza hata swali moja. Alisema nipige window upya. Wa pili alisema diski ni mbovu, niirudishe dukani. Sina kinyongo nao, maana kupiga window upya kweli kuna siku huponya. Lakini ni uponyaji usiofundisha kitu. Tatizo likirudi mwezi ujao, utakuwa hulijui kama ulivyokuwa hulijui mwanzo, na safari hii utakuwa umepoteza pia programu zako na siku mbili za kazi.

Wa tatu ni mzee mmoja wa Kariakoo, ghorofa ya pili, aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Ni kwa ajili yake naandika haya, au tuseme kwa ajili ya kazi yake. Naamini ni ufundi unaostahili heshima tunayowapa wachonga milango na waunda majahazi, na bado hatujaupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inachelewa ukiifungua mara ya kwanza tu, au kila mara?"

Sikujua. Nilikuwa na siku tatu za hasira na sikuwahi kujiuliza hilo. Akauliza tena: nikienda kula nikarudi, inakuwaje? Na folda nyingine je, yenye faili chache? Na ule mstari, unatambaa au unaganda? Nikamwambia yote mawili. Akalirudia neno langu taratibu, "yote mawili," akalitunza.

Alifungua ubavu wa sipiyu, akaiwasha, akaweka kiganja juu ya diski kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akasema tungoje. Muuza kahawa akapita, tukanywa vikombe viwili viwili na kashata. Mzee akawa anaongea na mimi huku mkono haujaondoka. Baada ya muda mrefu akanyamaza, akauchukua mkono wangu na kuuweka pale ulipokuwa wake. Chuma kilikuwa kimetulia tuli. "Sasa fungua folda." Nikafungua. Ndani ya chuma pakalia tiki moja, kisha nikasikia mvumo ukipanda polepole kama feni inayoanza kuzunguka, na mtetemo ukarudi kiganjani. Sekunde nane, tisa, ndipo dirisha likajibu.

"Hii ilikuwa imelala," akasema. Kwa kawaida Windows hulaza diski isiyoguswa kwa dakika 20, ili kupunguza umeme, na diski ikishalala lazima ianze kuzunguka upya kabla ya kutoa chochote. Hiyo tabia haina ubaya wowote. Akabadilisha mpangilio isilale, kisha kwenye kipande cha karatasi akaandika: moja.

Wengi wetu tunaidhania diski kuwa kabati. Tunataka kitu, tunanyoosha mkono. Kumbe ni mtambo. Ya aina yangu huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, na juu ya sahani zake kuna mkono mwembamba unaokwenda na kurudi kutafuta mahali palipoandikwa. Mkono ukishafika, bado hauna budi kungoja sahani izunguke ipalete chini yake. Kwenda na kungoja, kwa wastani, ni kama sehemu 13 za elfu moja za sekunde. Kwa faili moja huwezi kuhisi. Folda yangu ilikuwa na picha 11,000. Kila picha ikiulazimisha mkono uende na ungoje, hizo ni zaidi ya dakika mbili, na hapo hakuna kilichoharibika. Mashine ya kwanza ya namna hii kuuzwa, RAMAC ya IBM, ilitoka mwaka 1956 ikiwa na sahani 50, kila moja upana wa inchi 24, na ndani ya zote zilienea kama megabaiti 5 tu. Picha moja kubwa ya bi harusi wangu isingeenea humo. Lakini mwendo ni uleule: mkono unakwenda, sahani inazunguka, mtu anangoja.

Kuna diski nyingine ambazo mistari yake ya maandishi hulaliana kama makuti kwenye paa. Ukitaka kubadilisha kuti la chini, inakubidi uyainue ya juu yake. Hizo huweza kuchoka sana ukiziandikia mfululizo. Mzee aliangalia karatasi ya ubavuni mwa diski yangu, akaona si ya aina hiyo, akaendelea.

Akafungua dirisha jeusi, lile la kuandika amri, akaamuru litaje yaliyomo kwenye folda ileile. Majina yakamiminika, elfu baada ya elfu, yakaisha kabla sijamaliza kushangaa. "Umeona? Diski imekupa majina yote bila ugomvi. Anayechelewa ni mchoraji." Dirisha la kawaida lilikuwa likiingia ndani ya kila picha ili limchoree mtu kijipicha chake. Kwenye diski ya zamani vijipicha hivyo vilichorwa siku nyingi vikahifadhiwa. Hapa kila kitu kilikuwa kipya, kazi yote ilianza upya. Akaipanga folda ionyeshe majina na tarehe tu, akabadilisha aina yake kutoka folda ya picha kuwa ya vitu vya kawaida. Mstari wa kijani ukapita mara moja. Akaandika: mbili.

Hapo mimi ningemlipa nikaondoka na furaha yangu. Yeye hakugusa hela. Alisema mchoraji anaeleza kutambaa, haelezi kuganda, na mimi mwenyewe nilimwambia yote mawili.

Nimelifikiria sana jambo hili. Ndipo hasa ulipo ufundi, kwenye kukataa jibu linaloeleza nusu ya habari hata kama mteja ameridhika. Alikuwa amelishika neno langu tangu mlangoni, neno nililolitamka bila kulipima, akalichukua kama ushahidi.

Diski hujiwekea daftari lake lenyewe, mafundi huliita SMART, na kila mstari wa daftari una namba yake. Mzee aliusoma wa 5, unaohesabu sehemu zilizokufa zikabadilishwa: sifuri. Akausoma wa 197, wa sehemu zinazotiliwa shaka: sifuri. "Huyu mzima," akasema, na mimi nikaona aibu kwa niaba ya ile risiti niliyoibeba mfukoni tayari kuirudisha dukani. Kisha mstari wa 199, ule wa makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi. Ulisomeka 41. Akaiandika. Akanakili folda ya harusi moja, tukauona mstari wa kijani ukiganda mara mbili, akasoma tena: 58.

Kila lilipoongezeka kosa, kuna mzigo uliofika umeharibika ukabidi utumwe upya, na kungoja huko ndiko mimi nilikoita kuganda. Njia hiyo ni waya, nao niliutoa mwenyewe kwenye droo, wa zamani, nikaukunja nyuma ya feni ili mfuniko ufunge. Mzee angeweza kubadilisha waya, tundu na diski kwa pamoja, tukamaliza. Alibadilisha waya peke yake. Vingine vyote viliachwa palepale, ili kikipona tujue kilichoponya. Akanakili folda ileile. 58. Akanakili ya harusi kubwa kuliko zote. 58.

"Haijashuka," nikasema.

"Haishuki hiyo, mwanangu. Hiyo inahesabu tu. Ikisimama, imepona."

Hakuandika tatu. Aliniambia nifungue ile picha iliyonipeleka kwake, niione mwenyewe kwa macho yangu. Ikafunguka papo hapo: bibi mwenye kanga mbili na miwani mikubwa, kichwa amekiegemeza begani kwa mjukuu aliyejipamba, anacheka mpaka meno yaliyobaki yanaonekana. Mzee aliitazama kwa muda. Kisha akauokota ule waya wangu wa zamani pale mezani, akachukua mkasi, akaukata katikati kabla ya kuutupa kwenye ndoo, asije mtu akauokota na kumfungia mwenzake.