Mnana Kibaoni: Uhakiki wa Picha Kumi na Mbili

Katika maonyesho madogo ya walimu wa Kiswahili hapa Uganda, mwenzetu mmoja alitundika picha kumi na mbili za ndege. Zote alizipiga uani kwake, kwenye kibao anachowawekea ndege mtama na maji. Aliniomba nizihakiki bila kumwonea haya. Nalitimiza ombi lake hapa, kwa kuwa makosa yake ni ya wengi wetu wenye kamera, nami nikiwemo.

Tumezoea kuihakiki kazi ya fasihi kwa fani na maudhui, na picha nayo haikwepi kipimo hicho. Kwa upande wa fani, picha tisa zimeharibiwa na jambo moja: mpigaji alisimama wima akamtazama ndege kutoka juu. Ndege atazamwapo hivyo huwa mgongo tu, na nyuma yake hujaa udongo na makapi. Angaliketi juu ya kigoda, lenzi ikawa sawa na jicho la ndege, mandhari ya nyuma yangalikuwa mbali na kufifia, na ndege angalijitokeza peke yake. Mnana dume ana kichwa cheusi na jicho jekundu. Jicho hilo lisipong'aa, kichwa chote hugeuka doa la wino. Ndivyo ilivyotokea katika picha ya tatu na ya saba, zilizopigwa jua likiwa utosini. Asubuhi, kabla ya saa tatu, mpigaji akilipa jua mgongo, nuru hufika hata chini ya mdomo. Na ndege arukapo, lenzi isifunguliwe zaidi ya sehemu 1 ya 2,000 ya sekunde, la sivyo mbawa huwa moshi.

Linaloniudhi zaidi ni ukingo wa sinia la plastiki la buluu, unaochungulia karibu katika kila picha. Dawa ni nyepesi: achomeke kijiti kikavu hatua moja kutoka kibaoni. Ndege hajitupi chakulani moja kwa moja. Hutua kwanza kutazama kama paka yupo, na hapo ndipo apigwe picha.

Mwalimu mmoja alipinga, akasema kuficha sinia ni uongo. Sikubaliani naye. Eliot Porter, Mmarekani ambaye picha zake za rangi za ndege zilionyeshwa mwaka 1943 katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, alitumia taa za kumulika, wala hatumdai azionyeshe taa hizo pichani. Uongo uko katika maelezo. Chini ya picha ya kumi imeandikwa "Mnana porini", na kamba ya kuanikia nguo inaonekana! Chini ya picha ya tano, chozi, mwenye jina zuri kama hilo, ameitwa "ndege mdogo". Sisi ni walimu wa lugha. Nani atayatunza majina haya? Isitoshe, chozi hakuufuata mtama. Alifuata utamu wa maua ya mshubiri kando ya kibao, na maua hayo mpigaji ameyakata nje ya picha.

Maudhui ni haba. Picha kumi husema neno moja tu: ndege anakula. Ya kumi na moja ndiyo iliyonisimamisha. Mnana dume ameupa mtama kisogo, na mdomoni ana utepe mrefu wa jani bichi wa kusukia kiota. Ncha ya ubawa imekatika, nuru si nzuri, lakini pana kazi, haraka, na jike asiyeonekana ambaye huenda akakikataa kiota hicho. Hiyo ningeinunua.

Picha ya tisa ni safi kwa fani kuliko zote, nayo ndiyo ninayoilaumu kuliko zote. Inaonyesha wazi mtama ulioota ukungu, umechanganyika na kinyesi. Huko Uingereza, ugonjwa wa trikomonosi uligunduliwa mwaka 2005 miongoni mwa ndege jamii ya chiriku, nao huambukizwa kwa chakula na maji wanayoshiriki. Chiriku wa kijani, aliyekuwa mgeni wa kila bustani, alipungua hata mwaka 2021 akatiwa katika orodha nyekundu ya ndege wa nchi hiyo. Naomba picha hiyo ishushwe ukutani, na kibao kioshwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani kabla mwenzetu hajapiga nyingine.