Miti Iliyonyolewa Bustanini

Katika bustani nyingi za Ulaya umo mti mdogo uitwao mbuksi, usiopukutisha majani wakati wa baridi. Majani yake ni madogo yenye kusongamana, nao hukua polepole. Kwa hiyo hukatwa kwa mkasi ukawa mviringo kama mpira, au pia, au tausi, na umbo lile hudumu. Je, desturi hii imezidi kipimo? Sisi twaona imezidi. Walakini hatupendi kuhukumu kabla ya kuitendea haki.

Kazi hii ni ya kale. Plinius Mdogo wa Rumi aliandika habari za bustani yake ya Toscana, ambamo mibuksi ilikatwa kwa mifano ya wanyama, na mingine kwa herufi zilizotaja jina la bwana na la fundi wake. Huko Levens Hall, kaskazini ya Uingereza, iko bustani iliyoanza kupangwa na Mfaransa Guillaume Beaumont mwaka 1694, na miti yake yanyolewa hata leo. Aionaye hana budi kustahi saburi ya mikono iliyopokezana mkasi kwa miaka zaidi ya 300. Mahali kama hapo hatuna neno la kulaumu.

Lawama yetu ni kwa waigao. Aliye na ua mdogo huweka mipira miwili mlangoni, kisha minne njiani, kisha mstari mzima. Na jirani yake hufanya vivyo hivyo. Mwisho wake bustani zafanana kama sahani za duka moja, wala mgeni hajui yu kwa nani. Jambo hili si geni. Mwaka 1713 mshairi Alexander Pope aliwacheka Waingereza wenzake kwa kuandika orodha ya mzaha ya miti ya kuuzwa, wakiwamo Adamu na Hawa waliochongwa katika mti, naye Adamu amekwisha kuharibiwa na tufani. Watu walicheka, wengine wakang'oa miti yao. Baadaye desturi ikarudi.

Lakini liko jambo zito kuliko kicheko. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa ukungu ulionekana Uingereza, unaokausha majani ya mbuksi. Tena mwaka 2007 nondo kutoka Asia ya mashariki alionekana Ujerumani, akaenea nchi nyingi. Viwavi wake hula majani hata mti ukabaki vijiti. Ukungu hupenda unyevu, na mti unyolewao mara kwa mara husongamana hata upepo usipite ndani kuukausha. Basi ustadi ule ule uupao uzuri waupa na udhaifu. Naye aliyepanda mbuksi peke yake, siku ya msiba hana kitu kilichosalia. Wahenga walisema: mchezea zuri, baya humfika.

Hatusemi mkasi utupwe. Mbuksi mmoja uliokatwa vema, ukisimama kati ya maua yaliyoachwa huru, huyapa maua heshima, nayo huupa uhai. Mia moja pamoja hazisemi neno, ila kwamba mwenyewe ana mkasi. Mtunza bustani mwema hujulikana pia kwa yale aliyoyaacha bila kuyakata.