Wakati Haukusimama

Kila video huanza vilevile. Jamaa amevaa barakoa, ana tochi kichwani, anaruka ukuta, anapenya dirisha lililovunjika. Halafu tunaonyeshwa korido ndefu yenye rangi inayobambuka. Kiti cha magurudumu kiko katikati kabisa, na kimekaa vizuri mbele ya kamera kiasi kwamba unajiuliza ni nani alikisukuma hapo. Muziki unashuka. Jamaa ananong'ona: hapa wakati ulisimama.

Nimetazama video za hospitali zilizoachwa nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ile ya Pripyat, Ukraine, nimeingia mara ishirini hivi bila kutoka kitandani. Nimesoma pia vitabu vya picha na kutazama filamu moja au mbili. Kuna kazi nzuri humo, na kuna takataka. Lakini karibu zote zinakutana kwenye hiyo sentensi moja, na ni hiyo sentensi ninayogombana nayo. Wakati haukusimama. Watu ndio waliondoka, wakaacha wakati ukifanya kazi peke yake.

Tuanze na takataka, tumalizane nazo. Kule Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, kuna Waverly Hills, hospitali ya kifua kikuu iliyofunguliwa 1910 na kufungwa 1961. Siku hizi watu hulipa kuingia usiku kutafuta mizimu. Karibu kila anayerekodi pale atakuambia walikufa watu 63,000. Sasa, daktari mmoja aliyefanya kazi pale aliandika kwamba mwaka mbaya kuliko yote walikufa wagonjwa 152. Hebu piga hesabu. Hata kama kila mwaka ungekuwa mbaya hivyo, kwa miaka yote ile vifo havifiki 8,000. Yaani watu elfu kadhaa waliokufa wakikohoa, mbali na watoto wao, hawatoshi. Lazima waongezwe ndiyo stori inoge. Mzimu hauna jamaa wa kuja kulalamika, kwa hiyo unaweza kuuzidisha upendavyo.

Upande wa pili yuko Christopher Payne. Payne alisomea usanifu wa majengo kabla ya kuwa mpiga picha, na kitabu chake Asylum, kilichotoka 2009, kinazunguka hospitali za akili za serikali kote Marekani. Hakimbilii damu. Anaonyesha majengo yenye mabawa marefu, yaliyopangwa hivyo ili kila wodi ipate mwanga na hewa, kwa sababu waliojenga waliamini kabisa kwamba jengo zuri linaweza kumponya mtu. Anaonyesha mashamba, karakana, kumbi za maonyesho. Oliver Sacks, daktari aliyewahi kufanya kazi katika hospitali ya aina hiyo, aliandika insha ya utangulizi inayotukumbusha kwamba neno walilotumia Waingereza, asylum, lilimaanisha hifadhi kabla ya kumaanisha gereza.

Ninakipenda kitabu hicho. Kuna picha ya miswaki ya wagonjwa iliyotundikwa kabatini, kila mmoja na jina lake, ambayo siwezi kuipita haraka. Mswaki ni kitu cha karibu sana na mwili wa mtu. Lakini ukifika ukurasa wa mwisho unagundua umekaa na majengo muda wote huo na hukukutana na mtu. Mwanga ni mzuri mno. Kuoza kumekuwa pambo. Unafunga kitabu ukiwa na huzuni, ila huzuni yenyewe haijui ni ya nani.

Hapo ndipo hatari inapoingia, na ndipo naona aina hii ya sanaa inakosea zaidi. Kwenye video, hatari ni kionjo. Jamaa anataja asbestosi, rangi yenye risasi, sindano, kinyesi cha popo, sakafu inayoweza kuporomoka. Anataja ili tumwone shujaa, kisha anaendelea. Lakini hebu tafakari asbestosi inavyofanya kazi. Nyuzi zake ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ukizivuta leo, kesho hutakohoa. Saratani inayotokana nazo inaweza kuchukua miaka 20, 30, hata 40 kujitokeza. Maana yake uamuzi wa mtu aliyeezeka au kufunika mabomba kabla hujazaliwa bado haujamaliza kutekelezwa. Hatari ya jengo na historia ya jengo ni kitu kimoja.

Kama unataka ushahidi, nenda Goiânia, Brazil. Mwishoni mwa 1985 kituo kimoja cha tiba ya mionzi kilihama jengo lake na kuacha humo mashine ya kutibu saratani, ikiwa bado na kiini cha sizi-137. Septemba 13, 1987, vijana wawili waliosikia kuna chuma cha maana mle ndani waliingia, wakaing'oa sehemu yenye kiini, wakaibeba na baadaye kuiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Usiku mwenye yadi akaona kitu kinang'aa buluu. Akadhani ni cha thamani, labda cha miujiza. Akawaita majirani na jamaa waje waone, akagawa vipande vidogo kama zawadi. Mpwa wake, msichana wa miaka sita, alichezea unga ule kisha akala chakula kwa mikono hiyohiyo.

Aliyeshtuka ni mke wa mwenye yadi. Aliona watu wanaugua kwa zamu, akaunganisha mambo, akahakikisha mabaki yanapelekwa kwa wakuu wa afya, kwenye mfuko, ndani ya basi la abiria. Ilikuwa Septemba 28. Siku kumi na tano. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na uchafuzi, wanne wakafa ndani ya wiki chache. Yule mama alikuwa mmoja wao, na yule msichana pia. Mtoto alipozikwa, jeneza lake likiwa limewekwa risasi ndani, wakazi wengine walirusha mawe kupinga asizikwe pale.

Kuna filamu kuhusu mkasa huu, ya Roberto Pires, iliyotoka 1990. Lakini mimi nadhani andishi kali kuliko yote kuhusu hospitali iliyoachwa ni ripoti ya Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki ya 1988. Ni kavu kama vumbi. Haina muziki, haina korido. Inafuata kile kiini nyumba kwa nyumba: nani alikigusa, nani alilala karibu nacho, nani alikipeleka wapi, siku gani. Haimwiti mtu yeyote mjinga. Ukimaliza kuisoma unaelewa kwamba swali si kwa nini vijana wale waliingia. Waliingia kwa sababu walikuwa na njaa ya pesa na mlango ulikuwa wazi. Swali ni nani aliondoka bila kufunga hesabu yake. Na sizi-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Ile iliyozolewa na kuzikwa nje ya mji ndiyo kwanza imepita nusu yake ya kwanza. Nenda ukaiambie wakati ulisimama.

Lakini ripoti ile nayo ina pengo. Watu wake ni herufi tu, herufi za kwanza za majina. Naelewa sababu: ni kuwalinda. Pengo hilohilo liko Willard, jimbo la New York. Hospitali ya akili ya Willard ilifunguliwa 1869 na kufungwa 1995. Wafanyakazi wakipekua majengo kabla ya kufunga, walikuta darini masanduku ya safari zaidi ya 400, ya wagonjwa walioingia wakidhani watatoka. Darby Penney na Peter Stastny walichagua watu kumi, wakalinganisha yaliyomo masandukuni na yaliyoandikwa kwenye mafaili, wakaandika The Lives They Left Behind, 2008. Faili linasema mgonjwa ni hivi na hivi. Sanduku linasema alikuwa na picha, barua, nguo nzuri za kuvaa siku fulani ambayo haikufika. Kitabu kinamsimamisha mtu kati ya hivyo viwili, na kwangu kinampita Payne kwa mbali, ingawa picha zake si nzuri kama za Payne. Ndani yake mnaishi watu.

Hata hivyo, sheria ya faragha ya jimbo ililazimisha majina ya ukoo yafichwe. Jon Crispin, aliyeyapiga picha masanduku yaleyale baadaye, ilibidi afunike majina hayo pia. Na makaburini pale Willard, karibu watu 6,000 walizikwa chini ya namba. Kwa hiyo walifichwa wakiwa hai, wakafichwa wakizikwa, na sasa wanafichwa kwa heshima. Sijui kama ningeweza kuamua vizuri kuliko walivyoamua. Lakini angalau kitabu hicho kinakuonyesha pale ambapo jina lilipaswa kuwa.

Nyumbani tuna toleo letu. Serikali ya Kenya ilinunua kliniki 100 za kontena, zikusudiwe mitaa ya mabanda, na mamia ya mamilioni ya shilingi yakalipwa. Kwa miaka kontena zilikaa uwanjani Miritini, Mombasa, zikiota kutu. Ni hospitali zilizoachwa kabla hazijapokea mgonjwa hata mmoja. Hakuna anayeruka ukuta kwenda kurekodi pale. Hazina rangi inayobambuka vizuri, na mizimu yake ni watu waliofia kwingine, wakisubiri.

Sasa niseme kwa nini mambo haya yananikaa rohoni. Miaka mitatu iliyopita nilimsindikiza beste yangu, mpiga picha, kwenye kituo cha afya kilichofungwa huko mashambani kwetu. Yeye alikuwa na barakoa. Mimi nilifunga shati puani. Tuliwakuta vijana wawili wanapakia fremu za vitanda kwenye mkokoteni, mikono mitupu, hawana chochote usoni. Tulisalimiana. Beste aliwaomba wasogee kidogo maana walikuwa wanaharibu picha. Wakasogea.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa kimemwaga kadi za wagonjwa sakafuni, mamia. Jina, kijiji, uzito, ugonjwa. Nyingine zilikuwa na mambo ambayo mtu hamwambii hata dadake. Beste akapiga picha mwandiko wa daktari kwa sababu wino ulikuwa umechuruzika vizuri. Mimi niliokota kadi moja ya mtoto, nikaitia mfukoni. Mlinzi, mzee aliyekuwa amekaa nje kwenye jiwe, aliona.

"Kijana, hiyo umebeba ni ya nani?"

Nikamwambia, "Ni karatasi tu, mzee." Hakunijibu.

Zile picha beste aliziweka mtandaoni na watu wakazipenda sana. Maelezo ya chini nilimwandikia mimi. Yalisema: hapa wakati ulisimama.

Kwa hiyo ugomvi wangu na hiyo sentensi ni ugomvi na mkono wangu. Niliiandika nikiwa nimeshika kadi yenye tarehe ya kuzaliwa ya mtu ambaye, kama yuko hai, tumepishana miaka miwili tu. Kwake wakati haujasimama. Huenda anapanda matatu moja na mimi. Na wale vijana wa mkokoteni, sijui walichovuta siku ile kitawadai lini. Picha ya beste haijui pia, kwa sababu aliwatoa kwenye fremu.

Hicho ndicho kipimo ninachotumia siku hizi nikitazama kazi ya aina hii. Siulizi kama inatisha, wala kama mwanga ni mzuri. Naangalia aliyetolewa kwenye fremu ili picha ikae sawa: mwenye mkokoteni, mwenye kadi, yule aliyeondoka bila kufunga mlango. Penney na Stastny wanapita. Ripoti ya Goiânia inapita. Payne anapita kwa sababu ya miswaki. Video nyingi zinaanguka, na picha zetu zilianguka pia.

Mwaka jana niliipeleka ile kadi kwenye kituo kipya kilichochukua nafasi ya kile. Dada wa dirishani aliitazama mbele na nyuma, akasema za zamani haziko kwenye mfumo, nikachome tu. Sijaichoma. Nilimwomba beste aiondoe ile picha ya mwandiko, akaiondoa, ingawa ilishasambaa. Kadi iko kwenye droo, imelala kifudifudi. Jina nalijua kwa moyo, na hapa sitaliandika.