Dalili ya Mvua: Je, Tuivumilie Tamthilia Inayoanza Polepole?

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Tatu aliwahi kunifuata hadi mlangoni mwa chumba cha walimu akiwa na riwaya teule mkononi, kidole kikiwa kimeshikilia ukurasa wa 20 hivi. Akaniuliza, "Mwalimu, hii hadithi itaanza lini?" Nilimpa jibu ambalo huenda nawe, mwalimu mwenzangu, umewahi kulitoa: "Vumilia, mbele ni tamu." Alinishukuru kwa adabu, akaenda zake. Jibu lile halikuwa la mhakiki. Lilikuwa ahadi tu, na sikumpa kipimo chochote cha kuipimia.

Katika makala haya ninanuia kulijibu swali lake upya, japo kwa kuzunguka kidogo. Riwaya teule haimpi msomaji uhuru. Apende asipende, mtihani unamngoja. Tamthilia ya runinga ni kinyume chake. Mtazamaji ana rimoti mkononi na hakuna atakayemtahini. Kwa hivyo, tukitaka kujua ni wakati gani mwanzo wa polepole unastahili subira, heri tuanzie pale ambapo mtu ana ruhusa ya kuondoka.

Methali zetu zenyewe hazisemi kwa sauti moja kuhusu jambo hili. "Nyota njema huonekana asubuhi", basi zima runinga ukalale. "Mvumilivu hula mbivu", basi endelea kutazama. Anayeshika mojawapo peke yake hajahakiki. Amechagua tu methali inayolingana na uchovu wake wa jioni hiyo. Ipo ya tatu, nayo ndiyo nitakayoiegemea: "Dalili ya mvua ni mawingu." Hatudai mvua inyeshe asubuhi. Tunadai tuyaone mawingu.

Tamthilia tunayoirejelea

Mfano wetu ni The Wire, tamthilia ya Marekani iliyoonyeshwa na kituo cha HBO kuanzia Juni 2002 hadi Machi 2008. Ina misimu 5 na jumla ya sehemu 60. Mwasisi wake, David Simon, alikuwa mwanahabari wa gazeti la Baltimore Sun. Mshirika wake mkuu, Ed Burns, alikuwa polisi mpelelezi mjini Baltimore kabla ya kuwa mwalimu katika shule za mji huo huo. Aidha, waandishi wa riwaya kama vile George Pelecanos, Richard Price na Dennis Lehane walishiriki kuiandika. Haishangazi, basi, kwamba inasukwa kama riwaya ndefu kuliko kipindi cha kawaida cha polisi na wezi.

Wakati ilipokuwa ikionyeshwa haikuwa na watazamaji wengi. Hata hivyo, mwaka wa 2021 wahakiki walioulizwa na BBC waliiteua kuwa tamthilia bora ya runinga ya karne ya 21. Mimi mwenyewe niliiacha mara mbili, mara zote katika sehemu ya pili, kabla ya kuimaliza. Sioni haya kulikiri hilo. Majina ni mengi, lugha ya polisi na ya wauza dawa za kulevya haifafanuliwi, na kule kunasa mawasiliano ya simu kunakoipa tamthilia jina lake hakuanzi hadi tufikie sehemu ya sita.

Mtahiniwa na atambue kwamba ugumu huu ni wa makusudi. Muziki wa kumwelekeza mtazamaji ahuzunike au aogope karibu haupo kabisa. Unaosikika hutoka kwenye redio ya gari au ya baa. Mbinu rejeshi nayo inatumiwa mara moja tu. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, maiti ya shahidi inapopatikana, tunaonyeshwa tena uso wake akiwa mahakamani. Hata hiyo iliwekwa kwa sababu kituo kilihofia mtazamaji hatamkumbuka. Baada ya hapo kumbukumbu ni mzigo wako, mtazamaji.

Je, huo ni ustadi au ni kiburi cha mtunzi? Tusikimbilie jibu. Ninapendekeza maswali matatu.

Swali la kwanza: Mwendo huu wa polepole unafanya kazi gani?

Tazama mwanzo wa sehemu ya nne. Polisi wanahangaika na meza nzito iliyokwama mlangoni mwa ofisi yao. Wanasukuma, wanatweta, wanapumzika, wanasukuma tena. Kwa mtazamaji mwenye haraka hapa hakuna kinachotendeka. Kisha mmoja analalamika kwamba kwa mwendo huu hawataiingiza kamwe, na mwenzake anashangaa: kuiingiza? Kumbe wengine walikuwa wakiivuta ndani na wengine wakiisukuma nje.

Onyesho hilo ni kichekesho, lakini pia ni jazanda ya kikosi kizima. Wenye vyeo wanataka kesi ifungwe upesi, wapelelezi wanataka ichimbwe zaidi, na kila upande unatoa jasho dhidi ya mwenzake. Ingeonyeshwa kwa sekunde tano, tungeipata habari lakini tusingeuhisi uchovu. Polepole hapa ni sehemu ya maudhui.

Kuna polepole ya aina nyingine, nayo tunaijua kupitia telenovela ambazo zimetawala jioni nyingi za runinga zetu. Huko mwanzo ni wa kasi: ajali, wosia, mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Kisha siri ambayo sisi tunaijua inafichwa kwa mhusika mmoja kwa miezi. Mlango unabishwa kila anapokaribia kuambiwa. Mara nyingi ucheleweshaji wa namna hiyo hauongezi chochote juu ya mhusika wala jamii. Unaongeza siku tu. Ukiondoa sehemu 10 na usipoteze kitu, mawingu hayo hayakuwa ya mvua.

Swali la pili: Je, kilichopandwa kinaota?

Katika sehemu ya tatu, kijana aitwaye D'Angelo anawakuta wauzaji wake wawili wadogo, Bodie na Wallace, wakichezea kete za sataranji bila kuzijua kanuni zake. Anawafundisha kwa lugha ya biashara yao. Mfalme hubaki kuwa mfalme. Zile kete ndogo za mbele ndizo askari, nazo hutolewa mchezoni mapema. Bodie anataka kujua itakuwaje iwapo kete ndogo itavuka hadi upande wa pili.

Wakati huo ni mazungumzo ya kupitisha muda. Lakini Wallace, mvulana wa miaka 16 anayewalisha watoto wadogo katika nyumba iliyohamwa, anauawa katika sehemu ya 12, na Bodie ni mmoja wa wauaji. Bodie mwenyewe anakuja kujilinganisha na kete zile mwishoni mwa msimu wa nne, muda mfupi kabla ya kupigwa risasi kwenye kona yake. Kutoka funzo la sataranji hadi kifo hicho ni sehemu 47. Kwa watazamaji wa kwanza ilikuwa miaka minne, kutoka 2002 hadi 2006.

Wanafunzi wetu huita jambo hili kiangaza mbele, wakalitajia mfano mmoja na kusonga. Tuwafunze kuuliza zaidi: mbegu ilifukiwa wapi, na ilihitaji udongo wa kina gani? Kifo cha Wallace kinauma kwa sababu tulikuwa tumekaa naye saa nyingi ambazo tulidhani ni za bure.

Hata hivyo, mtazamaji wa sehemu ya tatu hawezi kuiona sehemu ya 50. Basi apime vipi? Atafute mbegu ndogo zilizokwisha kuota. Katika sehemu ya nne D'Angelo anawasimulia vijana wake kifo cha msichana mmoja. Baadaye katika sehemu iyo hiyo wapelelezi wawili wanachunguza jikoni alimofia, wakizungumza kwa tusi moja tu wanalolirudia, huku vipimo na vidole vyao vikitueleza kilichotokea. Maelezo hayo mawili yanakutana kichwani mwa mtazamaji pasipo mtu kumwambia. Mtunzi anayelipa deni dogo kwa wakati anaweza kuaminiwa na deni kubwa.

Swali la tatu: Je, wahusika wana nafasi ya kukua?

Hili ndilo swali linalotugusa sisi walimu zaidi. Katika sehemu ya pili, polisi kijana Pryzbylewski, aitwaye Prez, anamgonga mvulana wa miaka 14 usoni kwa bastola, na mvulana anapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Ukiacha hapo, kama nilivyoacha mimi, utamwandikia sifa zake kwa urahisi: katili, mzembe, mwoga. Kila sifa utaithibitisha kwa mfano, na utapata alama zako.

Lakini katika sehemu ya tano, akiwa amefungiwa ofisini asilete balaa jingine, ni Prez anayeng'amua jinsi wauzaji wanavyoficha nambari za simu. Kufikia msimu wa nne ameacha upolisi, naye ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya umma ya Baltimore. Darasa linamshinda. Polepole anagundua kwamba watoto wanaelewa uwezekano wa kihisabati kwa kurusha dadu. Wanapoanza kushika, anaamriwa aliweke somo kando awakaririshe maswali ya mtihani wa jimbo. Mwalimu, sidhani kama onyesho hilo linahitaji maelezo yangu.

Je, yeye ni katili au ni mwalimu mwema? Ni vyote viwili, na jicho la mvulana yule halirudi. Mhusika duara hasafishwi na mema yake ya baadaye, anapanuliwa. Mwanzo wa kasi haungetupa Prez wa namna hii kwa sababu ungelazimika kutuambia mapema tumchukie au tumpende.

Mpaka wa subira

Isidhaniwe kwamba ninahubiri uvumilivu usio na kikomo. Sehemu 60 za takribani saa moja kila moja ni sawa na vipindi 90 vya darasani vya dakika 40. Huo ni muda mwingi kuuomba kwa mtu mwenye madaftari ya kusahihisha. Kwa hivyo jiwekee mpaka kabla ya kuanza. Mimi hutoa sehemu nne, yaani vipindi sita. Zikiisha, jiulize maswali yale matatu. Ukipata jibu la ndiyo kwa mawili, endelea. Ukikosa, zima bila kujilaumu, na usimruhusu mtu akuaibishe kwa kusema kwamba msimu wa tatu ni mzuri. Kazi isiyoonyesha hata wingu moja kwa saa nne haina haki ya kukudai saa 20.

Aidha, uamuzi wa kuendelea si kiapo. Kwa maoni yangu, msimu wa tano wa The Wire unalegea. Mpelelezi McNulty anabuni muuaji asiyekuwepo ili apate fedha za uchunguzi, na tamthilia iliyojengwa juu ya mambo yanayoaminika inaanza kutuomba tuamini kwa hisani. Kuipenda kazi hakutufungi macho. Vilevile niseme wazi kwamba si kazi ya kuonyeshwa darasani: matusi, ngono na ukatili vimejaa. Naitaja kwa sababu inaweka wazi swali la msuko kuliko kazi nyingi nizijuazo.

Tumrudie mwanafunzi wetu

Angekuja tena leo na kidole chake kwenye ukurasa wa 20, nisingemwambia kwamba mbele ni tamu. Ningeketi naye tuzirudie kurasa zile 20. Nionyeshe, ningemwambia, tukio moja ambalo limekuchosha. Je, lina kazi gani? Nionyeshe jambo lililotajwa mapema ambalo limekwisha kurudi. Nionyeshe mhusika ambaye bado huna neno moja la kumwelezea. Akiyapata, hatahitaji ahadi yangu. Asipoyapata, basi amegundua udhaifu wa msuko, na anayo hoja halali ya kuiandika katika Karatasi ya Tatu badala ya kunong'ona kwamba kitabu kinachosha.

Na pengine ningemwomba radhi. Nilimjibu harakaharaka mwanafunzi aliyeuliza swali la kihakiki, nikamchukua kwa mvivu wa kusoma. Sikumpa hata zile sehemu nne.

Maswali ya kudurusu

1. "Mwendo wa polepole unaweza kuwa sehemu ya maudhui." Jadili kauli hii ukirejelea riwaya au tamthilia teule unayoisoma.

2. Chagua tukio moja kutoka sura mbili za kwanza za riwaya teule. Eleza linavyochangia tukio la baadaye, kisha ueleze kazi ingepoteza nini endapo lingeondolewa.

3. Andika sifa tatu za mhusika mmoja kwa kutegemea sura za mwanzo pekee. Umalizapo kitabu, zirudie sifa hizo. Ni ipi iliyothibitika, ni ipi iliyopanuka, na ni ipi uliyokosea?