Mkono Mmoja Mfukoni

Picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki ilizunguka dunia mwishoni mwa Julai 2024, wakati wa Olimpiki ya Paris. Alikuwa amevaa fulana na miwani ya kawaida, kashika bastola ya upepo kwa mkono wa kulia, na ule wa kushoto kautumbukiza mfukoni. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walitwaa medali ya fedha katika mashindano ya timu za mwanamume na mwanamke. Wengi walioisambaza picha hiyo kwenye simu zao waliona mbwembwe ya mtu asiyejali. Walengaji shabaha hawakuona ajabu yoyote, kwani karibu wote husimama vivyo hivyo. Mkono ulioachwa huru una uzito wake. Ukining'inia huyumba, na myumbo huo hupanda begani na kwenda hadi kwenye mkono wenye silaha. Kwa hiyo hutiwa mfukoni au kidole gumba huchomekwa kwenye mkanda, utulie.

Duara la kumi analolipiga mlengaji huyo lina kipenyo cha milimita 11.5, na yeye yuko umbali wa mita 10. Kidonge cha risasi kina milimita 4.5. Bastola inaruhusiwa kufika kilo moja na nusu, na triga yake lazima iwe na ugumu wa gramu 500 au zaidi. Katika mchujo wa mtu mmoja mmoja anapiga mara 60 ndani ya dakika 75, kila mara kwa mkono ule ule, na kanuni zinakataza kifundo cha mkono kuegemezwa kwa namna yoyote.

Tuuangalie mpigo mmoja tu. Kabla ya kufyatua chochote, mlengaji anasimama ubavu, anafumba macho, ananyanyua mkono hadi usawa wa bega, kisha anafumbua. Akikuta mtutu umeelekea kushoto kwa shabaha, hausukumi mkono kuurudisha. Anasogeza mguu wa nyuma kidogo, mwili mzima uzunguke pamoja. Msuli uliosukumwa mahali usipopataka utachoka, na utarudi kwao sekunde ile ile triga inapoachia. Mpini wa mti umechongwa na kujazwa lipu ya mbao mpaka kila kidole kina shimo lake, maana kiganja kikikaa tofauti kidogo tu, risasi nayo inakwenda kwingine.

Halafu anapandisha bastola juu ya shabaha, anatoa pumzi kiasi na kuizuia, na kuiteremsha polepole hadi chini ya duara jeusi. Jicho linabaki kwenye kinundu cha mbele cha kulengea. Shabaha inageuka ukungu mweusi, na anaiacha iwe hivyo, kwani jicho haliwezi kuona vizuri vya karibu na vya mbali kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo ufundi wenyewe unapoanza, na ndipo ninapoupenda. Mkono hautulii. Hata wa bingwa hautulii. Moyo unapiga, damu inapita, misuli inabebana. Ule mtikisiko ni kama wa mashua iliyotia nanga: inasukwasukwa lakini haiendi popote. Mwanagenzi husubiri kutulia kusikokuja, na anapoona kumi inapita huikwapua triga. Kama anatumia mkono wa kulia, risasi mara nyingi hudondokea chini kushoto. Fundi haisubiri nafasi. Anaongeza uzito wa kidole taratibu huku mtikisiko ukiendelea, akiamini kwamba ndani ya mtikisiko ule mdogo risasi yoyote itakuwa njema. Sekunde zikizidi, jicho likianza kuchoka, anashusha mkono bila kufyatua, anapumua, anaanza upya. Sijui kama kuna jambo gumu zaidi katika mchezo huu kuliko kuuacha mpigo ambao umekaribia kabisa kutoka.

Károly Takács alikuwa sajini katika jeshi la Hungaria na mmoja wa walengaji bora wa bastola nchini mwake. Mwaka 1938 guruneti bovu lilimlipukia mkononi na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule aliolengea maisha yake yote. Akaanza kufanya mazoezi kwa wa kushoto, kwa siri. Mwaka uliofuata alishinda ubingwa wa taifa. Vita vikazifuta Olimpiki mbili, na mwaka 1948 huko London, akiwa na umri wa miaka 38, alichukua dhahabu ya bastola ya mpigo wa haraka wa mita 25 kwa pointi 580, rekodi ya dunia. Mwaka 1952 huko Helsinki akachukua tena, kwa pointi 579 dhidi ya 578 za Mhungaria mwenzake Szilárd Kun.

Watu husimulia ushujaa wake, nao ni wa kweli, lakini mimi huwaza kuhusu kidole. Katika mchezo ule mkono huanza ukiwa umeshushwa. Shabaha zikigeuka, mlengaji anaunyanyua na kupiga tano, moja kila shabaha, kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Kidole cha shahada cha kushoto, ambacho kilikuwa kimemsaidia tu mwenzake miaka yote, kililazimika kujifunza kuvuta triga mara tano kwa sekunde nne huku bega likizungusha mkono kutoka shabaha hadi shabaha, na kila uvutaji usiisogeze bastola hata kidogo.

Bastola ilizaliwa kuwa silaha ya mkono mmoja kwa sababu ambazo hazikuhusu shabaha. Mpanda farasi alihitaji mkono wa pili kwa hatamu. Walioitana kupigana kwa heshima walisimama ubavu ili kumpunguzia adui eneo la kulenga. Desturi ya mkono mmoja ikabaki katika majeshi muda mrefu hata baada ya farasi kuondoka.

Mtu aliyeitikisa ni Jack Weaver, askari wa ofisi ya sherifu wa Los Angeles. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeff Cooper alikuwa akiandaa mashindano ya bastola huko Big Bear, milimani California, ambako wengi walichomoa silaha na kufyatua kutoka nyongani bila kulenga. Weaver aliinyanyua rivolva yake hadi usawa wa macho, akaishika kwa mikono yote miwili, viwiko vimekunjwa, mkono wa kulia ukisukuma mbele na wa kushoto ukivuta nyuma. Mwaka 1959 akashinda. Cooper akaueneza mtindo huo kwa maandishi na mafunzo. Katika miaka ya 1980 walengaji Rob Leatham na Brian Enos wakaubadilisha tena: kifua kinatazama shabaha, mikono yote miwili imenyooka, na kiganja cha pili kinajaza sehemu ya mpini ambayo cha kwanza hakikuifikia.

Faida ya mikono miwili haina ubishi. Bastola ya baruti huruka inapofyatuliwa, na mikono miwili huirudisha mahali pake mapema, hivyo risasi ya pili hufuata upesi. Askari ambaye maisha yake yanategemea hilo nisingemshauri vinginevyo. Bastola ya upepo hairuki kiasi hicho, na katika ukumbi wa mita 10 hakuna anayekukimbilia. Mkono wa pili ungepunguza ule mtikisiko ambao mchezo mzima umejengwa juu yake.

Hata hivyo walengaji wa mikono miwili hawajauacha mmoja. Katika mashindano ya mtindo wa vitendo, IPSC, mwandaaji anaweza kuamuru sehemu ipigwe kwa mkono wenye nguvu peke yake, au kwa ule dhaifu peke yake. Mshindani anahamisha bastola, mtutu ukielekea upande salama na kidole kikiwa nje ya triga, na kasi yote ya dakika iliyopita inamwishia. Anarudi kukaza kifundo, kutazama kinundu cha mbele na kuvuta triga polepole, moja kwa moja kuelekea nyuma.